Mrejesho: taima ya Access kufuata dakika anazojaza mtumiaji

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kuifanya fomu ya Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft) ijisasishe kila baada ya dakika anazoandika mtumiaji mwenyewe, badala ya muda uliofungwa kwenye msimbo. Asanteni sana, imekubali, ingawa si yote.

Ushauri uliofanya kazi ni wa kutogusa muda ndani ya tukio la Timer (msimbo unaoendeshwa kila muda ukitimia), bali kuupanga kwenye AfterUpdate (tukio la baada ya thamani kubadilishwa) ya kisanduku cha dakika, txtDakika:

Me.TimerInterval = Nz(Me.txtDakika, 0) * 60000

Taima huhesabu kwa milisekunde, ndiyo sababu ya hiyo 60000. Kisanduku kikiachwa kitupu, Nz inatoa 0, na 0 inasimamisha taima. Aliyesema thamani mpya haisomeki mpaka mtu atoke kwenye kisanduku alilenga penyewe: andika 5 uache kishale humo humo, taima itaendelea na muda wa zamani. Bonyeza Tab au Enter, basi. Wanaoandika herufi nimewadhibiti kwa kukiwekea kisanduku Format ya General Number (muundo wa namba); Access inawakatalia yenyewe.

Kilichogoma ni Me.Requery (amri ya kuvuta upya rekodi zote za fomu) ndani ya Timer. Inamrudisha mtumiaji rekodi ya kwanza kila inapopita, kero tupu. Me.Refresh, inayosasisha rekodi zilizokwisha kufunguliwa tu, haimhamishi, lakini rekodi mpya za wenzake hazionekani. Kwa sasa taima inafanya Refresh, na Requery nimeiwekea kitufe chake pembeni. Mwenye njia bora ya hapo, namsikiliza.