Shemeji kanunua picha ya laki nane na nusu ambayo haifanani na kitu. Kapigwa, au sisi ndo washamba?

Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi maana kwenye ukoo limeshakuwa kesi na mimi nimegeuzwa mjumbe wa nyumba kumi wakati picha yenyewe siyo yangu.

Iko hivi. Jumamosi tumetoka Moshi kwenda Arusha kwa shemeji, kaka yake waifu, anakaa Njiro. Kuingia sebuleni, pale juu ya sofa ambapo miaka yote ilikaa picha ya Moyo Mtakatifu aliyoiacha marehemu baba mkwe, tunakuta likanvasi likubwa kama mlango uliolazwa, juu buluu nzito, katikati unapita mstari wa rangi ya ugoro umepinda pinda, chini michirizi ya njano kama mtu alikuwa anafutia brashi. Basi, imeisha. Hakuna twiga hakuna mlima hakuna mtu. Na kona ya chini kulia haijapakwa kabisa, kitambaa kitupu, mpaka mstari wa penseli unauona. Kainunua kwa kijana mmoja mchoraji hapo hapo Arusha, laki nane na nusu, taslimu.

Mama mkwe hata hakukaa. Kasimama na mkoba wake kwapani akauliza "hii ni nini?" Shemeji akajibu "ni sanaa mama, inaitwa abstrakti." Mama akasema "sijauliza jina la dawa, nimeuliza ni nini."

Aisee. Waifu akaunga mkono mama, na mimi nisiwafiche nilikuwa upande huo huo, kichwani nimeshapiga hesabu ya mbuzi. Ila nikafanya kosa. Mama alikuwa kavaa kitenge kipya, maduara ya chungwa ndani ya maduara meusi, pembeni vitu kama meno ya msumeno. Nikamuuliza kwa heshima zote, mama, na hayo maduara ya kwenye kitenge ni nini? Akanitazama kama nina malaria imepanda kichwani. "Ni kitenge, baba Junior." Nikafunga mdomo nikanywa chai, ila tangu hapo nawaza hilo tu.

Maana tukisema ukweli, hicho kipimo cha "inafanana na nini" tunakitoa kwa picha tu. Kitenge hatukipimi hivo, ushanga wa Kimasai hatuupimi hivo, mkeka hatuupimi hivo. Mama mwenyewe dukani anafunua vitenge ishirini anakataa kumi na tisa kwa kuangalia tu, na ukimuuliza kwa nini hiki siyo kile anakwambia "hiki kimetulia". Kimetulia! Sasa hilo si ndo neno shemeji alilokuwa analitafuta pale akaishia kusema abstrakti?

Na msiniambie ni mambo ya wazungu. Dingi yangu alikuwa na kinyago cha Kimakonde kabatini, kirefu kama mkono mpaka kiwiko, mpingo, matundu na mikunjo tu, hakina jicho wala pua. Tukiwa wadogo tulidhani kimeliwa na mchwa. Nimekuja kujua ukubwani kwamba wachongaji wana mitindo yao, kuna ile ya ujamaa watu wamepandana kama mnara, kuna ya shetani ambayo Samaki Likankoa ndo anatajwa kuianzisha miaka ya 1950, na kuna hiyo inaitwa mawingu, ndo ile ya kwetu kabatini. Jina lenyewe linajieleza, wingu unaliangalia, hulidai kitambulisho. (Mnaonunua vinyago pale maduka ya watalii vikwaruzeni kwa kucha kwanza, vingine ni mbao nyeupe imepigwa kiwi ya viatu.)

Sasa ule upande wa "mimi napenda picha inayoeleweka". Sawa. Tingatinga inaeleweka au haieleweki? Edward Saidi Tingatinga alikuwa anapaka rangi ya baiskeli kwenye hadibodi kule Dar mwishoni mwa miaka ya 60, akafa kwa risasi ya polisi 1972 walimdhania mhalifu, na leo wanyama wa mtindo wake wamejaa kila duka la vinyago Arusha, chui anaonekana chui, tembo tembo, bei unaongea unapunguziwa. Nitajie jirani yako mmoja, mmoja tu, aliyetundika Tingatinga sebuleni. Hana. Ana kalenda, ana picha ya harusi, ana maua ya plastiki. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba tatizo letu ni abstrakti, hata hiyo inayoeleweka hatununui tumewaachia watalii.

Nadhani hata mama hakuumizwa na buluu, aliumizwa na ukuta, yaani ile sehemu ilikuwa ya Yesu. Na hapa kuna kitu nimekisoma kikanichekesha. Mrusi mmoja, Malevich, mwaka 1915 alitoa picha yake, mraba mweusi kwenye kanvasi, mraba tu, akaenda kuitundika kwenye maonesho juu kabisa kwenye kona ya chumba, na kona hiyo kwenye nyumba za Warusi ndo huwekwa picha takatifu. Alijua anachokifanya yule. Shemeji hakujua, yeye alitafuta ukuta wenye msumari.

Mnasemaje?

NAONGEZA, saa tatu usiku. Nimesoma majibu yote, yale ya matusi nimeyaruka.

Aliyesema "mwanangu wa chekechea anaweza kuchora hiyo". Nilisema hivo hivo mkuu, tena kwa sauti. Jumapili baada ya misa nikachukua kipande cha hadibodi na rangi za mafuta zilizobaki tulipopaka geti, buluu, njano, nyekundu kidogo, nikajifungia nyuma ya banda la kuku nichore yangu nimwonyeshe shemeji. Dakika kumi na tano zote zimekuwa rangi ya tope. Buluu ilipogusa njano ikawa kijani cha mgomba mgonjwa, nikaongeza nyekundu nikidhani nairekebisha, kwisha habari. Yule kijana ana buluu na njano zimepita jirani kabisa na hazijachafuana. Sijasema ni laki nane na nusu. Nasema siyo chekechea.

Aliyesema ni utakatishaji wa fedha. Kwa laki nane na nusu nani anatakatisha nini ndugu yangu? Kwa bei za huko duniani sawa, nitakuachia nafasi, maana hata mimi ile ndizi imenishinda. Kwa ambao hamkuifuatilia, Mwitaliano Maurizio Cattelan mwaka 2019 kule Miami alibandika ndizi mbivu ukutani kwa utepe wa gundi, ikauzwa dola 120,000, halafu Novemba 2024 Sotheby's New York wakaipiga mnada kwa dola milioni 6.2, zaidi ya bilioni 15 za kwetu, na aliyenunua akaila mbele za watu. Tena tunda lenyewe siyo linalouzwa, unauziwa cheti na maelekezo ya namna ya kubandika, ikioza unaweka nyingine. Mchaga kamili nikisoma hiyo roho inaniuma, pale sokoni Kiboriloni mama anakuuzia mkungu na shukrani juu.

Lakini sikilizeni, hiyo siyo ndizi ya kwanza kupata heshima New York. Sam Ntiro, mtu wa Machame hapa hapa kwetu, alichora 1956 wanaume wanapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa bibi harusi usiku, na picha hiyo ni mali ya jumba la sanaa la kisasa la MoMA. Akaja kuwa balozi wetu Uingereza baada ya uhuru. Ulizeni vijana wa Machame kama wanamjua, ndizi ya gundi wote wanaijua. Hilo linanikera kuliko bei.

Aliyesema "shule hazina madawati wewe unaongelea picha". Pesa ni ya shemeji, siyo ya halmashauri. Tuendelee.

Na dada aliyeniuliza "wewe mwenyewe unaipenda?" Hapo umenibana. Siipendi. Ningepewa bure ningeiweka kwenye korido. Ila toka Jumamosi ile kona tupu inanisumbua. Shemeji anadai mchoraji kaiacha makusudi ili picha ipumue, maneno yake hayo. Mama mkwe, ambaye amepika mbege miaka arobaini na anajua kitu kilichopungua akikiona, aliinama akaikagua akasema "huyu mtoto rangi ilimwishia." Nimeiangalia kwenye simu naikuza naipunguza, ule mstari wa penseli unaingia mpaka chini ya njano, kwa hiyo alikuwa amepanga kitu pale, halafu akakiacha. Au rangi iliisha kweli. Kama iliisha basi shemeji kauziwa picha ambayo haijamalizika na ana haki ya kurudishiwa chenji, na kama ni makusudi basi mimi ndo nimekamatika maana ni wiki sasa naangalia kitambaa kitupu.

Moyo Mtakatifu kwa sasa uko juu ya friji, mama kasema hapiti Njiro mpaka urudi, shemeji anasema ataununulia fremu mpya aweke ukuta wa mlangoni. Namba ya yule kijana mchoraji waifu kaipata, ninayo kwenye simu. Nimpigie nimuulize kuhusu hiyo kona, au nikiuliza nitakuwa nimeharibu?