Mashine ya kufulia haitoi maji: nisafishe mwenyewe, nibadilishe pampu au ninunue ya matangi mawili?

MamaTuli_Tabata
Habari za jioni wanajamvi. Mashine yangu ya kilo 7, ya kufungukia mbele, imegoma kumwaga maji tangu jana usiku. Inanguruma kidogo, inanyamaza, inaandika kosa. Shuka zimo ndani chapachapa na mlango umejifunga. Fundi nimempigia simu. Hata hajaiona kashasema pampu imekufa, 130,000 pamoja na ufundi. Baba Tuli anataka tununue ile ya matangi mawili yaishe. Nyie mngefanyaje?

Spana17
Dada, usitoe hata mia. Pampu inayonguruma umeme inaupata, mara nyingi kuna kitu kimeikaba. Chomoa waya ukutani. Kama ulifulia maji ya moto, acha yapoe kwanza. Chini mbele, mara nyingi upande wa kulia, pana kimlango. Ndani yake kuna filta na, kwa mashine nyingi, kimpira chembamba chenye kizibo. Anza na hicho kimpira. Kinga trei ya keki, maana ndoo haipiti pale. Ikijaa ziba, kamwage, rudi tena. Ukikimbilia kufungua filta maji yakiwa bado tumboni, utadeki mpaka sebuleni.
Filta ikishatoka, mulika ndani kwa tochi ya simu na uzungushe kifeni cha pampu kwa kidole. Kikienda kwa kushtukashtuka ni sumaku tu, ndivyo kilivyo.

Mzee_wa_Sinza
Mimi niko na Baba Tuli. Ya matangi mawili nyingi hazina hata pampu: unazungusha kitasa, kamba inavuta kizibo, maji yanashuka yenyewe. Hakuna bodi ya kuungua umeme ukiyumba.

Zainabu_K
Mzee, wewe ndiye utakayesimama pale kuhamisha nguo mbichi tangi hadi tangi, na kuhesabu dakika za kusuuza? Nimekaa nayo miaka mitatu. Ni ngumu kuharibika, hilo nakubali, ila Jumamosi yako yote inaishia bafuni. Na ya kumwaga kwa mteremko inataka mpira wake ulale chini. Ukiupandisha kwenye sinki, maji hayatoki ng'o.

Spana17
Hapo kwenye mpira ongezea: kwa ya kufungukia mbele ni kinyume. Ncha ya mpira inakaa juu, kama sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, kutegemea kitabu chake. Ukiuweka chini, maji yanajivuta na kutoka wakati mashine bado inajaza. MamaTuli, hebu chungulia na nyuma, isije ikawa mtu kaisukuma ukutani mpira ukakunjika.

Fundi_Mita
Msiizike pampu bila kuipima. Chomoa umeme, weka mita kwenye pini zake mbili. Nyingi za 220-240V zinasoma kati ya ohm 100 na 200 na ushee. Mita isiposoma kitu, koili imekatika, hapo ndipo ununue. Ile ya dukani isiyo na jina si mbaya, ila nenda Kariakoo na ya zamani mkononi: linganisha wati, matundu ya skrubu na mkao wa soketi. Mimi niliwahi kununua kwa picha ya simu, nikarudi mara mbili.
Na ukiandika kosa, andika herufi zenyewe. LG huandika OE, Samsung 5E au 5C, Bosch nyingi E18. Zote zinasema maji hayatoki. Hakuna inayosema "pampu imekufa". Huyo fundi wa kwenye simu kaotea.

MamaTuli_Tabata
Nimerudi. Trei kumi na moja! Kwenye filta kulikuwa na soksi ya Tuli, uzi wa khanga uliojisokota kama mkia wa panya, na shilingi 50. Kifeni kilikuwa hakizunguki kabisa. Nimechomoa waya wa sidiria yangu mwenyewe, aibu naijua mimi. Sasa maji yanatoka na mlango umefunguka. Ila pampu inapiga kelele ya kukwaruza.

Spana17
Mulika tena. Bawa la kifeni likiwa limemeguka, itamwaga leo na kesho ila anza kutafuta pampu polepole. Yakiwa mazima, rudisha filta na uikaze hadi mwisho. Ikilegea utaona dimbwi chini.

MamaTuli_Tabata
Moja limemeguka ncha. Jumamosi Kariakoo, na ya zamani mkononi. Baba Tuli kakaa kimya, ila shilingi 50 kaichukua.