Tupeane uzoefu: mazoezi gani yanakufikisha Lushoto kwa baiskeli bila kushuka kusukuma?

GiaNyepesi:
Wakuu, habari za jioni. Njia ya Mombo hadi Lushoto wengi humu mnaijua. Chini ni joto na mkonge, kilomita thelathini na kitu baadaye uko kwenye mita 1,400 hivi unatafuta sweta. Ni karibu mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu ya karatasi wastani wake ni asilimia 3, tena lami safi. Kwa nini basi watu wanasukuma juu ya Soni, katikati ya njia, na hapo barabara ya vumbi ya Magamba, mbele ya Lushoto, hawajaigusa? Tupeane mpango wa wiki 12. Gia, chakula, miguu, chochote, ila asije mtu kuandika "jitume" akaondoka.

Mzee wa Kona:
Jitume.

Haya, natania. Kosa kubwa ni kuendesha kila siku kwa kasi ileile ya katikati, si polepole wala si haraka. Unachoka kila jioni na hupandi kiwango. Ukiendesha siku 5 kwa wiki, 4 ziwe nyepesi kwelikweli. Kipimo ni mazungumzo: mtu akikupigia simu asijue kama uko juu ya baiskeli. Ukianza kukata sentensi, punguza, hata kama mama wa maziwa anakupita.

Siku ya 5 ndiyo ya kuumia. Pasha mwili dakika 15, tafuta kilima, panda dakika 4 kwa nguvu ya kukuachia maneno mawili matatu tu, kisha pumzika dakika 3 ukizungusha pedali taratibu. Rudia mara 4. Weka alama ya mti ulipofika kipande cha kwanza. Cha nne kikiishia chini ya mti huo, ulianza kwa papara.

Wiki 4 za mwanzo usiguse vipande hivyo. Jenga safari ndefu ya Jumamosi: anza dakika 90, ongeza 15 kila wiki. Kila wiki ya nne punguza theluthi ya muda wote, na wiki ya mwisho kabla ya safari punguza nusu.

Binti wa Tanga:
Naunga mkono ya simu.

Saa ya Mkononi:
Mzee, simu ni ya nini wakati kuna saa za mapigo? 220 toa umri ndiyo kilele cha mapigo yako kwa dakika, mazoezi mepesi yasizidi asilimia 75 yake. Kazi imeisha.

Mzee wa Kona:
Hiyo 220 ni wastani wa watu wengi. Mmoja mmoja anaweza kupishana nayo kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Wawili wenye miaka 40, mmoja kilele chake 168, mwingine 192, halafu wote unawaandikia 180? Mmoja atajiua, mwingine atatembea.

Saa ya Mkononi:
Kwa hiyo tutupe saa?

Mzee wa Kona:
Usitupe. Pima kilele chako mwenyewe kwenye kilima, dakika ya mwisho ya kipande cha nne, ukiwa umelala vizuri. Na kama una presha au umekaa miaka bila mazoezi, muone daktari kwanza.

Mwana wa Karura:
Wadau, salamu kutoka Nairobi. Huku msitu wa Karura hatuna mpando wa dakika 30, lakini vipande vya dakika 4 unavitoa ukirudia kilima kimoja.

Kipando Soni:
Karura ni bustani, bana. Mnakutana na watu wamebeba watoto mgongoni.

Mwana wa Karura:
Shuka Bonde la Kerio ndugu yangu, upande Tambach hadi Iten, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, juani. Ukifika tuongee bustani.

Chumvi Kidogo:
Acheni Karura. Mkuu GiaNyepesi umegusa penyewe uliposema kusukuma juu ya Soni. Watu wakimwona mtu amekaa pembeni ya lami, kichwa kati ya magoti, wanasema hana mazoezi. Mara nyingi mazoezi anayo. Amekata moto, na moto ulianza kukatika Mombo.

Huwa hivi. Saa 12 asubuhi mtu kanywa chai ya rangi na andazi moja. Kuna ubaridi kidogo, miguu mipya, kundi linapiga kelele, naye anaondoka na wenye kasi. Misuli ina akiba ya sukari gramu 400 hadi 500, ini kama 100. Ukienda polepole mwili unachoma mafuta zaidi na akiba inadumu. Ukienda kwa kuhema, akiba hiyo ni ya saa moja na nusu, mbili ukibahatika. Saa nzima ya kwanza hasikii njaa, kwa hiyo hali kitu.

Kisha dalili zinakuja kwa zamu. Kwanza anakuwa mkali, anamgombeza mwenzake kwa jambo la kipuuzi. Halafu gia ileile aliyokuwa anaizungusha inakuwa nzito. Anaamini breki inagusa. Anashuka, anainua gurudumu la nyuma, analisukuma kwa kidole: linazunguka huru, halina tatizo. Anapanda tena. Vidole vinatetemeka juu ya breki, jasho linageuka la baridi, macho yanaingia ukungu. Anaweza kupita kibanda cha ndizi, mikungu imening'inia usoni pake, asikumbuke kununua. Hapo ni ubongo unaolilia sukari. Hata akila sasa, ni dakika 15 hadi 30 kabla hajawa mtu tena, na kasi ya asubuhi hairudi siku hiyo. Na asithubutu kuteremka mteremko mbaya akiwa hivyo. Kona ataiona akishaipita.

Binti wa Tanga:
Hiyo ya kuzungusha gurudumu kutafuta breki! Kumbe ni ugonjwa wa wengi.

Kipando Soni:
Na ule ugomvi. Kuna ndoa zimetikisika pale.

GiaNyepesi:
Mada imetekwa, lakini poa. Chumvi, mtu ale nini basi?

Chumvi Kidogo:
Gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na anza dakika ya 20, usingoje njaa. Ndizi mbivu ya wastani ni gramu 25 hivi. Kinywaji: maji lita 1, sukari vijiko vikubwa 5 vya kusawazisha (kama gramu 60), chumvi robo kijiko cha chai, ndimu upendavyo. Chupa moja ya mililita 750 na ndizi moja kwa saa vinakutosha na chenji inabaki. Usikoleze zaidi ya hapo. Soda ina zaidi ya gramu 10 kwenye kila mililita 100, inakaa tumboni ikicheza unapopanda. Na usijaribu kitu kipya siku ya safari. Tumbo nalo linafundishwa kwenye zile Jumamosi ndefu.

Mwana wa Karura:
Usiku ugali mkubwa, asubuhi ugali tena.

Binti wa Tanga:
Usiku sawa. Asubuhi uji mzito au viazi vitamu, saa 2 au 3 kabla ya kuondoka. Maharage hapana.

Mwana wa Karura:
Maharage yana kosa gani?

Binti wa Tanga:
Muulize anayekufuata nyuma.

Fundi Spoku:
Mmeongea chakula mpaka mmesahau chuma. Wenye baiskeli za mtumba za sahani 3 mbele (zile duara za meno penye pedali) msikimbilie kununua mpya. Sahani ndogo ya meno 22 na gia kubwa ya nyuma ya meno 34 ni uwiano wa 0.65. Baiskeli ya kisasa ya sahani moja, 32 kwa 50, ni 0.64. Ni kitu kilekile! Kwa gurudumu la inchi 29 pedali moja inakusogeza kama mita 1 na nusu, la inchi 26 pungufu ya hapo. Shida ni kwamba sahani ndogo ya mtumba haiingii: waya una kutu au kile kibadilisha gia cha mbele kimekaa upande. Badilisha waya na ala yake, rekebisha skrubu ya kikomo cha ndani, mnyororo utashuka. Badilisha gia kabla pedali hazijawa nzito. Ukibadilisha ukiwa umesimama juu yake kwa uzito wote, mnyororo unakatika.

Nguvu za Paja:
Gia nyepesi zinadekeza. Panda na gia nzito, mizunguko 50 hadi 60 kwa dakika, dakika 5 mara 4. Paja litakuwa mti.

Binti wa Tanga:
Na goti litakuwa kuni.

Nguvu za Paja:
Goti linauma kwa sababu ya kiti, si gia. Maumivu ya mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Ya nyuma, kiko juu. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Hapo ndipo urefu unapoanzia.

Mzee wa Kona:
Kiti amesema kweli. Gia nzito si kwa anayeanza. Apate wiki 6 kwanza, afanye mara moja kwa wiki, aketi, na likiuma aache siku hiyohiyo. Nguvu ajenge chini: dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, likumbatie kifuani, mguu mmoja nyuma juu ya kigoda, chuchumaa mara 8 kila mguu, seti 3, siku 2 kwa wiki. Malizia kwa kuning'inia kwenye tawi sekunde 30 mara 3. Hiyo ndiyo dawa ya mikono inayokufa ganzi kwenye mteremko, pamoja na kuacha kubana breki muda wote. Bana kabla ya kona, achia ndani yake.

GiaNyepesi:
Na kule kwenye vumbi gurudumu la nyuma linateleza, nikisogea nyuma la mbele linanyanyuka. Upepo kiasi gani?

Fundi Spoku:
Mtu wa kilo 70, tairi ya inchi 2.2 yenye tyubu: PSI (kipimo cha upepo) 26 mbele, 28 nyuma, uanzie hapo. Ukipata pancha ya matundu mawili yaliyokaa jirani, rimu imebana tyubu kwenye jiwe, ongeza 2. Usimwachie kijana wa kujaza upepo wa bodaboda akujazie kwa kubonyeza kidole, atakuwekea 45. Kwenye mpando mkali kaa ncha ya mbele ya kiti, kunja viwiko, kifua kishuke. Makalio yanakandamiza la nyuma, kifua kinalikalia la mbele. Mvua ikinyesha kwenye ule udongo mwekundu, chukua kijiti cha kukwangulia kati ya tairi na uma, maana gurudumu litaacha kuzunguka kabisa, na safari hii si njaa.

Binti wa Tanga:
Na kabla ya kushusha kiti kwa ajili ya mteremko, zungushia tepu ya umeme kwenye nguzo yake mahali kilipokuwa. Ukikirudisha kwa kukisia, wiki ijayo utafungua uzi mwingine hapa kuhusu goti.