Diski ya nje ya TB 2 kwenye Latitude E6400: USB ya kawaida, eSATA, kadi ya ubavuni au kutoa DVD?

Mpigapicha_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Nina Dell Latitude E6400, ile ya Core 2 Duo, ramu GB 4, Windows 7. Kazi yangu ni video za harusi na sendofu. Diski ya ndani ni GB 160 na imejaa pomoni, kila nikiwasha mashine inaanza kulalamika. Kununua mashine nyingine kwa sasa hapana, msimu wa harusi umeisha na hela imeisha nao.

Nimepata diski ya nje ya TB 2, inchi 2.5, imeandikwa USB 3.0. Nataka kazi zote zikae humo, na ikiwezekana niediti kutoka humo humo. Nimeuliza watu watatu nimepewa majibu matatu. Mmoja kasema chomeka kwenye USB ya kawaida, yameisha. Wa pili kasema tafuta kadi ya USB 3.0 ya kuchomeka ubavuni. Wa tatu anataka nitoe DVD niweke diski mahali pake. Halafu kuna tundu moja kwenye mashine lina alama ya USB na eSATA pamoja, sijawahi kulitumia kwa lolote zaidi ya mausi.

Wenye uzoefu nielekezeni. Nawasilisha.

FundiSeif

Mkuu, diski ya USB 3.0 ukiichomeka kwenye USB 2.0 inafanya kazi, usiwe na wasiwasi, inashuka mwendo tu. USB 2.0 kwenye makaratasi ni megabiti 480 kwa sekunde, ila kwa faili halisi utapata MB 30 hadi 35. Harusi ya GB 100 ni kama dakika 50 kuinakili. Diski hiyo hiyo ikipewa njia pana inaweza kwenda MB 100 kwa sekunde, ikamaliza kwa robo saa na kidogo.

Sasa useme mwenyewe: unahifadhi au unaediti? Kama ni kuhifadhi, weka inakili, kanywe chai, USB ya kawaida inakutosha. Kama ni kuediti kutoka humo na una kamera mbili tatu, mimi ningekwenda kwenye eSATA, yaani tundu la nje la SATA, njia ile ile inayotumiwa na diski ya ndani. Bandari hiyo kwenye E6400 inakwenda moja kwa moja kwenye SATA ya bodi, kompyuta inaiona diski kama ya ndani.

Rehema_Msa

Kaka Seif, eSATA nzuri, lakini diski aliyonunua ni ya USB. Haina tundu la eSATA. Atalazimika kununua kasha jipya lenye eSATA na kuhamishia diski humo, na hapo ndipo watu wanapoingia hasara. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 siku hizi hazina SATA kabisa ndani. Tundu la USB limeunganishwa kwenye bodi ya diski yenyewe. Ukifungua kasha ukitegemea kukuta diski ya kawaida, unakuta kitu kisichoingia popote. Nyingine zinasimba data kwenye bodi ya kasha, ukiitoa diski humo hata kama ina SATA, kilichomo hakisomeki. Kwa sababu hiyo hiyo wazo la kuichomeka mahali pa DVD lisahau kwa diski hii, labda ununue diski nyingine ya SATA.

Na eSATA haina umeme wake. Inapeleka data tu. Tundu la alama mbili kama la E6400 linaweza kulisha diski ya inchi 2.5 kupitia upande wa USB, lakini unahitaji waya maalumu wa eSATAp, na huo si wa kuupata kila duka.

Kadogoo_Mwanza

Wakuu, mbona mnamkimbiza mwenzetu kwenye mwendo wa njia? Tupige hesabu. Kamera za harusi zinazorekodi AVCHD (aina ya faili za video) zinafika megabiti 24 kwa sekunde, zile za picha 60 kwa sekunde zinafika 28. Gawanya kwa nane: ni MB 3 na nusu kwa sekunde. Kamera tatu kwa pamoja hazifiki MB 11. USB 2.0 inazibeba zote na nafasi inabaki.

Kinachokwama kwenye Core 2 Duo ni kuifungua hiyo video. Imebanwa sana kwa mbinu ya H.264, prosesa inahema kuifumua, picha inaanza kurukaruka, mtu anasema "diski ya nje nzito". Atanunua kadi, atanunua waya, na picha itaendelea kuruka vilevile. Dawa yake ni kutengeneza nakala nyepesi za video, za ukubwa mdogo, uediti kwa hizo, na ukimaliza programu irudi kwenye faili asili wakati wa kutoa kazi. Wachukua video wengi wenye mashine za zamani wanafanya hivyo.

FundiSeif

Kadogoo, hesabu yako imenyooka kwa kamera za aina hiyo. Ila diski ya sahani ikiulizwa faili tatu kwa wakati mmoja, sindano yake inarukaruka huku na huku, MB 30 haibaki MB 30. Bado nasema eSATA ni bora. Lakini nakubali kwamba kwa mashine hii prosesa itachoka kabla ya waya.

Rehema_Msa

Mimi ningeanza na umeme kabla ya mwendo. Hapa kwetu watu wanaleta diski wakisema imekufa, nikiichomeka kwenye mashine nyingine inaamka.

Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa miliampea 500. USB 3.0 ni 900. Diski yako imetengenezwa ikitegemea hiyo 900, na pale inapoanza kuzungusha sahani ndipo inapokula zaidi. Kwenye mashine kongwe, tundu limelegea, betri imechoka, utasikia tik, tik, tik, taa inawaka na kuzima, Windows inapiga ule mlio wa kuchomeka na kuchomoa bila mtu kugusa kitu. Ukiona hivyo usiendelee kunakili, na usikubali Windows ikikuambia ifomati.

Tafuta waya wa vichwa viwili vya USB upande wa kompyuta, kimoja cha data na umeme, cha pili cha umeme tu. Uwe mfupi. Waya wa kurefusha wa mita mbili ndio unaomaliza hata ule umeme kidogo uliopo. Ukikosa, tafuta habu ya USB yenye chaja yake.

Kadogoo_Mwanza

Na hapo hapo ndipo kadi ya ubavuni inaponichekesha. E6400 ikiwa na nafasi ya ExpressCard (tundu la ubavuni la kadi za ziada) ya milimita 54, kadi ya USB 3.0 ya milimita 34 inaingia, ingawa inachezacheza kidogo. Mwendo utaupata: njia ile ina MB 250 kwa sekunde kinadharia, zaidi ya diski yenyewe. Tatizo ni kwamba ExpressCard inatoa volti 3.3 na 1.5 peke yake. Haina volti 5, na USB inataka volti 5. Ndiyo maana kadi nyingi zina kitundu kidogo cha kuchomeka umeme wa ziada, na kiwaya chake kinaenda wapi? Kinaenda kwenye USB 2.0 ya mashine hiyo hiyo! Umenunua kadi, bado unakula tundu la USB. Halafu Windows 7 haiji na draiva za USB 3.0, utazitafuta kufuatana na chipu ya kadi.

Kama diski yako ina chaja yake ya ukutani, kadi ni nzuri sana. Kwa diski isiyo na chaja, mimi siinunui.

MzeePentium

Nawasoma vijana, mnajadili anasa. Nina Pentium III ya mezani ofisini, inaendesha programu ya zamani ya hesabu isiyokubali kuhamia kwingine. USB yake ni 1.1, megabiti 12 kwa sekunde. GB 100 hapo ni zaidi ya saa 27, mtu analala na kuamka inaendelea. Nikaweka kadi ya PCI ya USB 2.0, na Windows XP yenyewe ni lazima iwe na Service Pack 1 kwenda juu ndipo iitambue vizuri. Ni bei ya chai na chapati ukilinganisha na vitu vingine vyote mlivyotaja.

Ila kwa wenye kompyuta za mezani: chomeka nyuma, kwenye bodi moja kwa moja. Matundu ya mbele yanafika kwa waya mwembamba wa ndani, na mara nyingi ndiyo yanayoiangusha diski. Na diski kubwa za inchi 3.5 zenye chaja ya volti 12, kumbukeni umeme wetu. Ukikatika, mpakato unabaki kwenye betri lakini diski inazima katikati ya kuandika. Kama huna UPS, bora ya inchi 2.5.

Mpigapicha_Tanga

Wakuu mmenifungua macho, asanteni. Basi eSATA na kadi naziacha. Natafuta waya wa vichwa viwili. Swali: niifomati vipi? Dukani wameniambia exFAT (mfumo wa kupanga faili) kwa sababu inasomeka kwenye TV na kwenye Mac ya mteja. Na nitajuaje kama kweli ni TB 2?

FundiSeif

Kwa TB 2 tumia MBR, huna haja ya GPT (hizo ni namna mbili za kuandika mgawanyo wa diski). Mpaka wa MBR ni hapo hapo kwenye TB 2, na TV za zamani nyingi hazielewi GPT. Windows XP ya biti 32 nayo haiielewi, kwa hiyo ukimpelekea mteja mwenye mashine ya kale, MBR inafungua milango mingi.

Kuhusu exFAT, sipingi dukani, lakini kwa mtu anayefanyia kazi kwenye diski na umeme wa kuvizia mimi naweka NTFS. NTFS inaandika kwanza kumbukumbu ya inachotaka kufanya, waya ukichomoka ghafla inarudi kujipanga. exFAT haina kitu hicho. Mac inasoma NTFS, haiandiki tu, na mteja wako anahitaji kusoma. FAT32 usiiguse kabisa, faili moja haliruhusiwi kuzidi GB 4, na sherehe moja ya ukumbini inazidi hapo bila jasho.

Bofya Start, andika diskmgmt.msc, bonyeza Enter. Utaona diski zimepangwa kwa mistari chini. Angalia ukubwa kabla ya kubofya chochote, usije ukafomati ile ya GB 160 yenye harusi za watu. Bofya kulia kwenye ya TB 2, fomati NTFS, ukubwa wa vipande acha ulivyo.

Rehema_Msa

Kujua kama ni TB 2 kweli: Windows itaonyesha kama GB 1,863, hujaibiwa hapo, ni namna ya kuhesabu tu. Wizi ni kasha lenye flashi ndogo ndani, limepangwa lidanganye ukubwa. Hilo utaliona ukifika kunakili faili la mia, yanaingia lakini hayafunguki. Programu ya H2testw inaijaza diski nzima kisha inasoma tena kulinganisha. Kwa USB 2.0 kujaza TB 2 ni saa 16 hivi, na kusoma kama hizo tena, kwa hiyo anza Ijumaa usiku. Kwa haraka, CrystalDiskInfo kwanza: tazama saa ilizofanya kazi na sekta zilizohamishwa (vipande vibovu ambavyo diski imevikwepa). Diski "mpya" yenye saa elfu kadhaa, rudisha dukani siku hiyo hiyo.

MzeePentium

Jambo jingine la mashine za umri huo. Ukiwasha kompyuta diski ikiwa imechomekwa, BIOS (programu ya bodi inayoiamsha mashine) inaweza kujaribu kuanzia humo, ukabaki na skrini nyeusi na kimstari kinachopepesa. Ingia BIOS kwa F2, shusha USB chini ya diski ya ndani kwenye mpangilio wa kuwashia. Hujafa, mashine imechanganyikiwa tu.

Kadogoo_Mwanza

Na kwa atakayesoma hapa akaamua eSATA: SATA kwenye BIOS iwekwe kwenye AHCI, si ATA ya kizamani, ndipo diski itambulike ukichomeka mashine ikiwa imewaka. Lakini kama Windows 7 ilisakinishwa kwenye ATA, usibadilishe hivi hivi, utapata skrini ya bluu ya 0x0000007B. Kwanza fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\services\msahci, weka Start iwe 0, zima, kisha ubadilishe BIOS.

Mpigapicha_Tanga

Waya wa vichwa viwili nimeupata. Taa haikatiki tena, tik tik hakuna. NTFS tayari. Kuna moja tu: jana diski ilikuwa E, leo nimechomeka flashi kwanza ikawa F, na programu ya kuediti inaniambia haioni video hata moja.

FundiSeif

Rudi diskmgmt.msc, bofya kulia kwenye diski, badilisha herufi yake iwe ya mwishoni kabisa, kama V. Flashi na kadi za kamera zinachukua herufi za mwanzo, hazitafika huko, na programu itakuwa inakuta video zake pale pale. Zile kazi ulizokwisha kuanza kwenye E, ukizifungua itauliza faili ziko wapi. Ielekeze faili moja kwenye V, nyingine zilizo folda hiyo hiyo kwa kawaida inazipata yenyewe.