Kioo chekundu cha Kunckel: kweli ni dhahabu?

Kombo wa Tanga: Wakuu salaam. Niko Berlin kikazi, na Jumamosi nilipita makumbusho moja. Nikaona bilauri nene, nyekundu kama juisi ya komamanga. Maelezo yalisema ni kazi ya Johann Kunckel, na wekundu ule ni dhahabu. Inakuwaje, wakati dhahabu ni ya manjano? Tena karakana yake ilikuwa kisiwani. Kwa nini huko?

Bi Mashanga: Kaka Kombo, ni kweli. Mimi natengeneza shanga za kioo kwa moto wa gesi, mwaka wa kumi na moja sasa. Dhahabu huyeyushwa kwenye asidi kali, ikatiwa bati, ukabaki unga wa zambarau. Unga huo kidogo tu huchanganywa na kioo. Kikitoka tanurini hakina rangi ya maana. Ni mpaka ukirudishe motoni taratibu ndipo wekundu unapochomoza, na ukizidisha moto kinageuka rangi ya ini. Fimbo yangu ya kwanza ya kioo hicho niliitupa nikidhani nimeuziwa kioo cheupe!

Unga ule hakuuvumbua Kunckel. Kazi yake kubwa ilikuwa kuutumia kutengenezea vyombo vizima, vinene. Alikuwa mtoto wa fundi wa kioo, na mwaka 1679 alichapisha kitabu kizima cha ufundi huo, ila siri ya wekundu hakuiweka humo.

Kisiwa alipewa mwaka 1685 na Friedrich Wilhelm, mtawala wa Brandenburg, dola ya Kijerumani ya enzi hizo. Kiko mtoni Havel, karibu na Potsdam. Leo kinaitwa Pfaueninsel, kisiwa cha tausi. Enzi zile kilikuwa cha sungura. Maji yalilinda siri kuliko ukuta wowote. Mtawala akafa 1688, mwaka uliofuata karakana ikaungua. Mrithi akamdai fedha, naye akaishia Sweden, ambako mfalme alimpa cheo cha ukabaila.

Mwalimu J: Dada, umetaja bilauri tu. Shanga je? Nilisoma kwamba alitengeneza pia.

Bi Mashanga: Hapo ndipo panaponiuma, Mwalimu. Ndiyo, alitakiwa kutoa shanga kwa ajili ya biashara ya Guinea, yaani pwani ya Afrika Magharibi. Brandenburg ilianzisha kampuni yake ya Afrika mwaka 1682, ikajenga ngome ya Gross Friedrichsburg kwenye pwani ambayo leo ni Ghana. Kampuni hiyo ilinunua dhahabu, pembe na watu. Bilauri zimewekwa kwenye kabati la kioo na jina la fundi chini yake. Shanga zilitoka mikononi mwa mafundi wa karakana ileile, na mimi kila nikiwasha moto asubuhi nazifikiria hizo, si bilauri.

Kombo wa Tanga: Asante, dada. Jumapili navuka kwenda huko.

Bi Mashanga: Kivuko ni dakika chache tu. Ukifika, angalia jinsi palivyo kimya.