Nataka kumpa kaka yangu figo, nianzie wapi na nijiandaeje?

mama_genge
Habari zenu wapendwa, samahanini uzi utakuwa mrefu kidogo. Mimi nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nipo Morogoro. Kaka yangu ninayemfuata kuzaliwa figo zake zimefeli zote mbili, presha ndo ilimmaliza, alikuwa nayo miaka na miaka hajui maana alikuwa dereva wa lori na hospitali alikuwa haendi mpaka aanguke. Sa hivi ni mwaka na miezi anasafisha damu, mara tatu kwa wiki, akikaa kwenye mashine ni masaa manne. Imebidi ahamie Dar kwa shangazi kwa ajili ya hiyo mashine, kazi kaacha. Mkono wake wa kushoto pale walipomuunganisha mishipa ukiuweka kiganja unasikia unatetema kama simu iliyozimwa sauti inaita. Juzi tulikuwa msibani, jua la saa nane, watu wote wanagongea maji ya chupa, yeye kakaa pembeni ananyonya kipande cha barafu kwasababu maji anapimiwa.

Sasa wiki mbili zilizopita kulikuwa na kikao cha familia. Mimi nilikuwa jikoni nawachemshia chai, naingia na chupa na vikombe nakuta wameshamaliza, baba mdogo ananiambia "mwanangu tumeona wewe ndo unafaa". Kwanini mimi, eti mkubwa wetu ana sukari, mdogo wetu bado hajaoa, na mimi nimeshazaa alafu sina kazi ya kuajiriwa. Nina genge na nauza mkaa, hiyo inaonekana sio kazi.

Msinielewe vibaya, nampenda kaka yangu, ada yangu ya sekondari alinilipia yeye kwa hela ya utingo. Ila baba watoto kanuna hasemi kitu, mawifi wanasema nitabaki nusu mtu, na jirani kaniletea mizizi nichemshe "niongeze nguvu ya figo" kabla sijapimwa. Naomba anayejua anieleze vipimo vikoje, nakaa muda gani mpaka nibebe tena gunia, na kama nikitaka mtoto wa tatu inawezekana au ndo basi. Asanteni.

Mzigua90
Pole sana dada na hongera kwa moyo. Mimi nilimpa mdogo wangu 2021, nipo mzima, jana nimetoka kulima. Usiogopeshwe na mtu, ila pia usidanganywe kwamba ni kama kung'oa jino.

Kwanza siku hizi sio lazima India kama zamani watu wanauza kiwanja. Muhimbili walianza kupandikiza 2017, Dodoma pale Benjamin Mkapa wakafuata 2018. Ila wanataka ndugu, na undugu wenyewe uthibitishe, kwaiyo vyeti vya kuzaliwa vyako na vya kaka anza kuvitafuta leo. Mimi changu jina la baba lilikosewa herufi moja, nilizunguka na hiyo herufi wiki tatu.

Vipimo vinaanza na grupu la damu, ukiwa O unampa yeyote, ukiwa grupu lingine inategemea na la kwake. Ile chanya na hasi haina shida kwenye figo. Alafu tishu, kuona miili yenu inafanana kiasi gani, alafu wanachanganya damu yako na yake waone kama yake itaishambulia yako, hicho ndo kipimo kinachowatoaga watu machozi maana unaweza kuwa umefaulu vyote kikakukataa hicho. Halafu HIV, homa ya ini, sukari, moyo, eksirei ya kifua, mpaka meno waliniangalia. Mwisho skani ya mishipa ya figo. Mara nyingi wanachukua ya kushoto kwasababu mshipa wake mmoja ni mrefu, rahisi kushonea kule inapoenda. Na kule inapoenda sio mgongoni kama watu wanavyodhani, wanamuwekea chini ya tumbo karibu na nyonga, zile mbovu zake kwa kawaida wanaziacha hapohapo.

Kituko changu ni mkojo wa saa 24. Unapewa dumu unakusanya mkojo wote kuanzia asubuhi mpaka asubuhi, na inatakiwa ukae kwenye baridi. Mimi friji ni la mwenye nyumba. Nikalifunga dumu kwenye mfuko mweusi nikaandika DAWA YA MIFUGO, mama mwenye nyumba akanifata usiku ananiuliza hiyo dawa inatibu kuku pia. Kesho yake nipo kwenye daladala nimelipakata kama mtoto, konda ananiambia kaka weka mzigo chini, nikamwambia huu hauwekwi chini.

Upasuaji nusu kaputi, unalala unaamka imeisha. Mimi walitoboa matundu madogo na mkato mmoja chini kwenye mstari wa suruali. Hapa ndo hakuna aliyeniambia: kidonda kiliuma lakini BEGA ndo liliniliza. Wanajaza gesi tumboni waone vizuri, ile gesi ikibaki inauma mpaka begani, nikadhani nimepata shambulio la moyo. Dawa yake ni kutembea. Na ukitaka kukohoa kumbatia mto tumboni. Siku ya nne nikatoka. Gunia la mkaa sahau wiki sita, hata ndoo ya lita 20 usiguse, hata mtoto usimnyanyue akukalie mapajani tu. Tafuta mtu wa genge mapema, sio siku ya kuamkia.

Jambo lingine. Mdogo wangu alipoanza kukojoa, yaani mfuko umejaa, wodi nzima inashangilia, ndugu wote wapo kwake wanapiga picha na mfuko wa mkojo. Kwangu alikuja mama peke yake. Mimi niliingia mzima nikatoka nimejikunja, yeye kaingia mgonjwa katoka anacheka. Nilikaa kama mwezi nina huzuni isiyo na jina, nikaja kuambiwa inatokea kwa wengi. Kwaiyo huyo mtu wa genge akipatikana tafuta na mtu wa kukaa na WEWE, asiwe yuleyule wa kukaa na kaka.

Chalii_wa_Ungalimited
Kwa mwanaume kutoa figo si ndo nguvu za kiume zinaisha? Nauliza tu. Na we dada hapo kuna hela usijifanye, figo ni mamilioni, waambie wakukatie kitu.

Mzigua90
@Chalii nina mtoto wa miezi saba nyumbani, mfate umuulize.

nesi_zamu_ya_usiku
Chalii figo haifanyi kazi hiyo unayoiwaza. Na kuuza kiungo hairuhusiwi, hospitali wakinusa tu kuna hela imepita katikati wanasimamisha kila kitu na anayeumia ni mgonjwa. Tuendelee.

Mama genge mimi ni nesi, nimekaa kitengo cha kusafisha damu miaka kadhaa. Hiyo mizizi MWAGA. Sio kesho, leo. Tunapokea watu wenye figo zilizokufa kwa sababu ya vitu vya kuchemsha ambavyo hakuna anayejua kiasi chake. Na diklofenaki, zile unazonunua duka la dawa ukiumwa mgongo wa kubeba magunia, acha kabisa, na brufeni vilevile. Ukiumwa panadoli. Hiyo ni sasa hivi na ni maisha yako yote ukishabaki na moja. Hakuna chakula cha kuongeza figo. Kula kawaida, punguza chumvi, kama uzito umezidi pungua, kama kuna sigara acha. Kama unatumia vidonge vya majira mwambie daktari, kuna aina zinasimamishwa wiki kadhaa kabla kwa ajili ya damu kuganda.

Figo inayobaki inatanuka na kuchukua kazi ya mwenzake, sio yote, unabaki na kama asilimia 60 hadi 70 ya uwezo uliokuwa nao, na hiyo inatosha kuishi. Ndo maana ukipima baadae kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inachuja vipi) itakuwa juu kidogo, usishtuke, na daktari yeyote mgeni mwambie una figo moja kabla hajakushtua. Kila mwaka presha, damu, na mkojo kuangalia protini. Vifo kwenye kutoa vipo, hawazidi kama watatu kwenye watu elfu kumi, ni wachache sana lakini sio sifuri na usikubali mtu akwambie ni sifuri.

Mtoto wa tatu inawezekana. Wengi wanashauri usubiri angalau mwaka, na mimba yako itakuwa ya kufatiliwa kwa karibu maana uwezekano wa presha ya mimba (ile inayoweza kuleta kifafa cha mimba) unaongezeka kidogo. Kama unamtaka huyo mtoto liseme kabla, ili madaktari walipange na wewe, wasipange na baba mdogo.

Na kwa kaka: asiongezewe damu kienyeji bila daktari wake wa figo kujua. Ikiwa ni dharura ya kuokoa maisha ni sawa. Ila kila chupa ya damu ya mtu inaweza kumtengenezea kinga, akaja kuikataa figo yako ambayo mwezi uliopita ilikuwa inamfaa.

Sasa la mwisho na ndo kubwa. Umeandika aya nzima ya kikao na hakuna hata mtu mmoja aliyekuuliza unataka. Kwenye tathmini kuna siku utakaa na daktari au mtu wa saikolojia wewe PEKE YAKO, mlango umefungwa. Ukimwambia sitaki, au naogopa, au nalazimishwa, haitoki pale. Familia wataambiwa tu kwamba kitabibu hufai, basi, hakuna atakayejua. Mpaka dakika ya kuingizwa chumba cha upasuaji una haki ya kusema hapana. Nimeshuhudia mdada amevalishwa kabisa gauni la kijani, akaomba kurudi wodini, akarudishwa, na nduguze mpaka leo wanajua presha ilipanda.

BintiKibokoni
Asalaam aleikum dada, mimi ni wa Mombasa. Mume wangu alipewa figo na dadake, mwaka wa sita huu, kwa hiyo nakwambia ya upande wa wanaopokea. Figo haiji na "imekwisha maneno". Kwetu alamu yalia saa moja asubuhi na saa moja usiku, dawa za kuzuia mwili usiikatae, kila siku ya Mungu mpaka mwisho, na si bei ya panadoli. Kabla hujatoa, uliza kaka ako dawa atazipataje mwaka wa pili na wa tatu, bima yalipa nini, maana harambee ya upasuaji watu huchanga, harambee ya vidonge hakuna ajaye. Kijana wa jirani yetu aliruka dawa kwa kukosa pesa, figo ya mamake ikaenda. Mama yule hasemi na mtu kuhusu jambo hilo.

Na figo ikikaa vizuri yaweza kwenda miaka 15, hata 20, lakini si milele, ujue hivyo moyoni mwako.

Kuhusu dini kama wewe ni Muislamu na mawifi wanaleta hayo, baraza la fiqhi (sheria za Kiislamu) kule Jeddah liliamua tangu 1988 kuwa yafaa mtu hai kutoa maadamu hajidhuru na haiuzwi. Muonyeshe shekhe wenu.

Halafu kicheko kidogo: wifi yangu akigombana na mume wangu, hata kwa jambo la shilingi mia, humwambia "nirudishie figo yangu". Twacheka. Lakini kuna siku alisema na hakuna aliyecheka. Zungumza na kaka ako nyinyi wawili, si kwa kikao.

mama_genge
Jamani nimesoma vyote, vingine nimesoma mara mbili. Mizizi nimemwaga, jirani nimemwambia nimeimaliza yote asante.

Nilimfata shangazi Dar Jumamosi nikamsubiri kaka atoke kwenye mashine. Anatokaga amechoka hata kuongea hawezi, tukakaa kwenye benchi la nje pale wanapouza machungwa. Nikamwambia mimi sijaulizwa, akaniambia na yeye hajaulizwa, alipigiwa simu tu kwamba "tumeshapata". Kumbe alikuwa ananikwepa miezi yote hii sio kwamba ananidharau, alikuwa anaogopa nikimuangalia nitajiona nina deni. Akasema ukikataa bado ni mdogo wangu na ile ada haikuwa mkopo. Nikalia pale wauza machungwa wakaninunulia maji, af yeye akaniomba kipande cha barafu.

Nimeamua nitapima. Kupima tu kwanza, sijaahidi mtu kitu, na baba mdogo nimemwambia hivyohivyo. Mtoto wa tatu nitamuulizia palepale. Baba watoto nimemsomea uzi huu kwa sauti mpaka pale pa dawa ya mifugo, akacheka, ndo mara ya kwanza kuongea tangu kikao, akauliza kwani genge nani atakaa. Nikamwambia wewe. Hajajibu ila hajanuna.

Jumanne naanza. Swali la mwisho @Mzigua90, ule mkojo wa kwanza nikiamka naweka kwenye dumu au?

Mzigua90
Hapana, wa kwanza unamwaga, unaandika saa. Kuanzia unaofata unaweka wote, hata wa saa nane usiku, mpaka kesho yake saa ileile unaweka wa mwisho. Na kifuniko kaza.