Nimeahirisha mazoezi miaka mitatu sasa. Nisubiri kazi ipungue au nianze hivi hivi?

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa, na kitambi kimeanza kunitangulia mlangoni. Wiki iliyopita lifti iliharibika nikapanda ngazi ghorofa nne. Nilipofika juu nikajifanya nasoma tangazo ukutani mpaka pumzi zirudi.

Si kwamba sijui la kufanya. Raba ninazo, ziko kwenye boksi lake tangu nizinunue. Video za mazoezi nimehifadhi mpaka simu inalia imejaa. Ila kila mara kuna kitu: nasubiri Jumatatu, nasubiri tarehe moja, nasubiri mafua yaishe. Sasa kazini tuna mradi utakaoisha baada ya miezi miwili. Mpango wangu ni kwamba ukiisha tu, naanza kwa nguvu, saa nzima kila siku, siku sita kwa wiki. Mke wangu kanijibu, "Huo mpango nimeshausikia."

Nauliza kwa dhati: nisubiri nianze vizuri, au nianze sasa kwa kuungaunga?

Ngazi_Moja:
Mkuu, mradi huo ukiisha utapewa mwingine. Mimi nilisubiri watoto wakue kwanza. Wamekua, na sasa wananiacha mbali nikikimbia nao.

Dada_Raba:
Kaka, kinachokukwamisha ni hiyo saa nzima. Umejitungia mazoezi ya mtu ambaye bado hujawa, halafu unashangaa mwili unakataa.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Gawanya 150 kwa siku saba, ni dakika 22 hivi. Na zamani walitaka ufanye angalau dakika 10 mfululizo ndipo zihesabike. Sharti hilo wameliondoa. Kwa hiyo huko kuungaunga unakokuonea aibu kunahesabika.

Kipimo cha "wastani" hakihitaji saa ya kidijitali: tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo.

Wiki ya kwanza fanya hivi. Tembea dakika 10, na ukirudi, kaa kwenye kiti na kusimama mara 10 bila kushika popote. Basi. Ukijisikia unaweza zaidi, usiongeze. Najua inaonekana kama mzaha, ila ninachotaka ni ubaki na hamu ya kesho.

Mzee_Bado:
Kijana wa miaka 41 anasema amechelewa! Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee wachache wa miaka 86 hadi 96, waishio kwenye kituo cha kulelea wazee, waliofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Mimi nilianza nikiwa na 58. Toa raba kwenye boksi.

Pole_Pole:
Naunga mkono, ila msimsukume tu. Mkuu, ulipopanda zile ngazi ulihema tu, au kifua kilibana? Kama kilibana, au ulisikia kizunguzungu, anza na daktari. Na hata kama hukusikia kitu, presha ipime, kwa umri wetu huo ni wajibu.

Jingine: usidanganyike na ile habari ya kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Utafiti mmoja wa London ulikuta wastani ni siku 66, wengine 18 tu, wengine wakakadiriwa kufika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wengi wetu tunaacha kwa sababu ya ile siku moja, tunaiita "nimeshaharibu", tunasubiri Jumatatu nyingine.

Mwanzisha uzi:
Kifua hakikubana, ni kuhema tu. Presha nimepima leo, iko sawa. Jioni nimevaa raba (moja ilikuwa bado na karatasi ndani, nimegundua njiani), nimetembea dakika 10 na kurudi kufanya ya kiti. Ya nane nilitaka kushika meza.

Mwanzisha uzi:
Siku ya tatu. Jana nimeruka, kikao kiliisha usiku. Leo nimerudi. Ila mapaja yanauma, kushuka ngazi ni shughuli. Nimejiumiza?

Dada_Raba:
Yanauma yote mawili, sawasawa, na yalianza siku ya pili? Hiyo ni misuli iliyoshtuliwa, hukolea kati ya saa 24 na 72 halafu hupoa yenyewe. Tembea taratibu, usilale. Ingekuwa maumivu ya kuchoma mahali pamoja, au goti limevimba, ningekwambia usimame. Ya kiti uliyafanya mangapi?

Mwanzisha uzi:
Ishirini na tano.

Dada_Raba:
Nilisema kumi.